Mkeka Una Pembe Nne
Jinsi kikundi kinavyoweza kumtunza mgonjwa aliyelala nyumbani



Mtu akiugua kijijini, juma la kwanza boma hujaa. Huyu analeta sukari, yule maziwa, mwingine kuku. Akina mama wanaimba, mchungaji anaomba, wazee wanasema, "Pole sana, Mungu yupo." Juma la pili wanakuja wachache. Mwezi wa tatu, ikiwa mgonjwa bado amelala pale pale, utamkuta na mtu mmoja tu. Pengine ni mke wake, pengine ni mkaza mwana, pengine ni msichana wa gredi ya saba ambaye ameacha masomo ili amwoshe nyanya yake.

Si kwamba majirani ni watu wabaya. Mvua imenyesha na kila mtu yuko shambani. Tena kila mmoja anafikiri mwenzake amepita kumwona mgonjwa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: ukiutazama kwa mbali unaonekana mwepesi. Anayeujua uzito wake ni yule aliyeubeba usiku na mchana, na siku moja yeye pia ataanguka. Hapo boma litakuwa na wagonjwa wawili.

Katika makala hii tunataka kueleza namna ambavyo kikundi cha kujisaidia kinaweza kuubeba mzigo huo kwa miezi mingi bila mtu yeyote kuvunjika mgongo. Vikundi vyetu vimezoea kupanga merigoraundi, kuchimba visima na kufuga kuku. Akili hiyo hiyo ya kupanga inaweza kumtunza mgonjwa.

Imani inayoshika ndoo

Katika waraka wake, sura ya 2, mstari wa 14 hadi 17, Yakobo anaeleza jambo ambalo watu wa kijijini wanalielewa upesi. Ukimwona mwenzako hana nguo wala chakula, ukamtakia mema halafu ukaenda zako, maneno yako hayajamsaidia kitu. Yakobo haiiti imani hiyo changa au dhaifu. Anasema imekufa.

Kuomba pamoja na mgonjwa ni kazi njema na wagonjwa wengi wanaitamani. Lakini baada ya amina, mgonjwa bado ana kiu, shuka bado imelowa na debe la maji bado ni tupu. Kikundi kikiomba na kuondoka, kimefanya nusu ya kazi. Mtu mmoja na abaki, ashike ndoo.

Watu wanne wa Kapernaumu

Soma Marko 2:1-12. Watu wanne walimbeba mtu aliyepooza wampeleke kwa Yesu. Walikuta nyumba imejaa watu mpaka mlangoni. Wakapanda juu, wakatoboa paa, wakamteremsha na mkeka wake. Marko hatuambii majina ya watu hao, wala hatuambii walisema nini. Anatuambia kwamba walikuwa wanne na kwamba Yesu aliiona imani yao. Imani iliweza kuonekana kwa macho kwa sababu ilikuwa imebeba mtu.

Sasa fikirieni mkeka wenyewe. Mtu mmoja angemburuta mgonjwa. Wawili wangembeba lakini mkeka ungejikunja katikati. Watatu wangeacha pembe moja ikining'inia na mgonjwa angemwagika njiani. Kila mmoja wa wale wanne alishika pembe yake, na mgonjwa akafika salama.

Tuseme mgonjwa wenu ni mama mjane aliyepata kiharusi. Upande wake wa kulia hauna nguvu na maneno yanatoka kwa shida. Anaishi na mjukuu wake wa kike. Mkeka wa mama huyu una pembe nne: mwili, boma, karatasi na dawa, na moyo. Tutazieleza moja moja. Mgonjwa wenu akiwa na saratani, au Ukimwi, au uzee tu, pembe ni zile zile.

Pembe ya kwanza: mwili

Mtu asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulala, na vidonda hivyo vinaweza kumuua. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili: upande mmoja, halafu mgongo, halafu upande mwingine. Wekeni mto au nguo zilizokunjwa katikati ya magoti na chini ya miguu ili visigino visikandamizwe. Mnapomsogeza, wawili mwinueni kwa shuka. Msimburute, kwa maana ngozi itachubuka. Kila siku tazameni visigino, nyonga, viwiko na mwisho wa mgongo. Mkiona mahali pamebadilika rangi au pana joto, msipasugue. Asilale upande huo tena mpaka papone, na mwambieni muuguzi.

Wakati wa kula aketi wima. Mpeni kijiko kidogo kidogo, na msubiri ameze kabla ya kingine. Asilazwe mara tu baada ya kula. Kama anakohoa kila akimeza, chakula au maji huenda yanaingia njia ya pumzi. Jambo hilo lifikishwe zahanati haraka.

Kumwogesha, tumieni maji ya vuguvugu. Anzeni na uso, na mfunike sehemu zile ambazo hamjazifikia. Mama aogeshwe na akina mama, mzee aogeshwe na wanaume. Kabla ya kumgusa, mwambieni: "Nyanya, tunataka kukugeuza sasa." Hata kama hawezi kujibu, anasikia. Mnyoosheni viungo vya upande ulio dhaifu pole pole, kama muuguzi alivyowaonyesha, ili visikakamae.

Akiharisha, anapoteza maji mwilini. Kama hamna pakiti ya dawa ya kuongeza maji kutoka zahanati, chukueni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari visivyo na kilima na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpeni kidogo kidogo. Chumvi isizidi hapo.

Mvae glovu mnaposhika damu, choo au kidonda. Kama hakuna glovu, funikeni mikono kwa mifuko safi ya plastiki isiyo na tundu. Mkimaliza, nawani kwa sabuni. Maji machafu yamwagwe chooni.

Jozi yenu haitakaa pale kutwa nzima, kwa hiyo mwonyesheni kila mtu wa boma hilo namna ya kugeuza na kulisha, hata kijana wa kiume.

Pembe ya pili: boma

Mara nyingi sisi tunamwangalia mgonjwa tu, tunasahau ng'ombe, kuni na palizi. Lakini yule anayemtunza ndiye pia anayeteka maji, anayepika na anayelima. Mahindi yasipopaliliwa, mwaka kesho boma hilo litalala njaa.

Kikundi kiweke siku ya jembe. Watu 14 wakifika saa moja asubuhi na jembe zao, shamba dogo litapaliliwa kabla ya jua kuwa kali. Wengine wajaze mapipa ya maji, wengine wapasue kuni za juma zima. Fundi wa kikundi atazame paa na choo. Mgonjwa anayeanza kutembea anahitaji kamba au mti wa kushikilia njiani kwenda chooni, na kiti kilichotobolewa cha kuketia.

Na yule mjukuu? Arudi shuleni. Hapa ndipo tutapimwa. Kila siku anayobaki nyumbani, anabeba mzigo ambao watu wazima wangeweza kuugawana. Wawili kati yenu waende kwa mwalimu mkuu, waeleze hali ilivyo, na wapange jinsi atakavyofidia masomo aliyokosa. Kisha ratiba yenu ihakikishe kwamba kuna mtu bomani saa za shule. Msipofanya hivyo, mtakuwa mmemwambia mtoto arudi shuleni na moyo wake umebaki kitandani kwa nyanya.

Pembe ya tatu: karatasi na dawa

Kuna msaada wa serikali ambao mgonjwa anaukosa kwa sababu hana wa kumfuatilia. Mkaza mwana hawezi kuacha mgonjwa akapige foleni siku nzima. Kikundi kinaweza.

Tazameni kwanza kama ana kitambulisho. Tazameni pia kama ameandikishwa katika SHA, ambayo ilichukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Kujiandikisha kunaweza kufanywa kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *147#. Aliyeandikishwa anatibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya umma. Hospitali kubwa inataka michango iwe imelipwa. Mzee wa miaka 70 na zaidi anaweza kuingizwa katika mpango wa Inua Jamii, ambao hutoa Sh. 2,000 kwa mwezi. Ulizeni kwa chifu lini uandikishaji unafanywa. Mtu aliyebaki na ulemavu anaweza kuandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu baada ya kupimwa katika hospitali ya serikali.

Mtafuteni pia mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Tangu mwezi wa Septemba 2023 wahudumu hawa wamepewa mikoba yenye vifaa, kikiwemo chombo cha kupima presha na cha kupima sukari. Aliyepata kiharusi lazima apimwe presha mara kwa mara na anywe dawa yake kila siku, hata siku anayojisikia mzima.

Juu ya dawa hatutazunguka maneno. Dawa za kifua kikuu cha kawaida ni za miezi 6, na hupatikana bila malipo katika vituo vya serikali. Mtu hupata nafuu mapema akadhani amepona. Akiacha, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa mkali kuliko mwanzo. Dawa za Ukimwi ni za maisha yote. Wengi wetu tunakumbuka miaka ya 1990, vitanda vya hospitali vilipojaa na wagonjwa wakarudishwa nyumbani bila kitu. Mwaka 1999 serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa, na mwaka 2006 dawa zake zikaanza kutolewa bure katika hospitali za umma. Tulizika watu wengi kabla ya siku hiyo kufika. Asije mtu leo akamwambia mgonjwa atupe vidonge eti kwa kuwa ameombewa. Katika Luka 17:14 Yesu aliwatuma wenye ukoma wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kazi yao ilikuwa kuthibitisha kwamba mtu ni safi. Mtu akisema amepona, tumshukuru Mungu, twende naye kliniki apimwe. Mpaka daktari aseme, vidonge viendelee.

Mgonjwa wa saratani akiumwa sana, msiseme "avumilie tu". Kuna dawa za kutuliza maumivu makali, na kuna hospisi zinazofundisha namna ya kuzitumia. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na leo kuna nyingine katika miji kama Nyeri, Meru na Eldoret. Ulizeni katika hospitali iliyo karibu nanyi.

Pembe ya nne: moyo

Mtu aliyelala miezi mitatu anajua kila ufa wa ukuta wake. Anachokosa ni habari. Nani ameoa? Mvua imefika ng'ambo ya mto? Kahawa inalipwa ngapi? Mwenye zamu akimaliza kazi za mikono, aketi. Amsomee, au amwimbie, au anyamaze naye.

Tena aulizwe anataka nini. Bartimayo wa Yeriko alikuwa kipofu na kila mtu alimwona. Hata hivyo Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Sisi huwa tunafika na majibu tayari. Tunaleta uji wakati mama anatamani chai. Tunaleta wageni kumi wakati anataka kulala. Kama hawezi kusema vizuri, mwulizeni maswali ya ndiyo au hapana, na akubaliane nanyi ishara ya mkono ulio mzima.

Msimsahau anayetunza. Naye aulizwe: "Umelala saa ngapi jana? Umekula?" Apewe nusu siku kila juma ya kwenda sokoni, kanisani, au kwao kuwaona wazazi.

Kupanga zamu

Matendo ya Mitume sura ya 6 inaeleza kwamba wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa chakula wa kila siku. Watu wakanung'unika. Mitume wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema, wasimamie kazi hiyo. Kanisa la kwanza lilipoona upendo unavuja, liliunda kamati! Tusidharau kamati basi.

Kikundi cha watu 14 kikigawanywa wawili wawili kinatoa jozi 7, jozi moja kwa kila siku ya juma. Jozi ikifika asubuhi kwa muda wa saa moja na jioni kwa saa moja, kila mwanachama ametoa saa mbili kwa juma. Hakuna anayeshindwa. Pembe ya karatasi ipewe mtu anayejua kusoma na mwenye subira. Saa za shule zigawiwe majirani wa karibu na wazee ambao hawaendi tena shambani.

Wekeni daftari moja nyumbani kwa mgonjwa. Kila jozi iandike tarehe, alikula nini, dawa alimeza, ngozi ikoje, na jambo gani limebaki. Jozi inayofuata isome kabla ya kuanza.

Pesa nazo zinahitajika: sabuni, glovu, nauli ya bodaboda kwenda kliniki. Watu 14 wakitoa Sh. 50 kila juma, zinapatikana Sh. 700, na kwa majuma manne Sh. 2,800. Mweka hazina aandike kila shilingi, watu wawili watie sahihi, na hesabu isomwe mkutanoni kila mwezi. Msamaria katika Luka 10 alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, mshahara wa kibarua wa siku mbili, akasema akirudi atalipa kilichozidi. Alifikiria kesho. Harambee ya siku moja ni nzuri, lakini mgonjwa anakula kila siku.

Mambo ya kuangalia

Siri ya mgonjwa ni yake. Jina la ugonjwa lisitajwe mkutanoni, na lisiandikwe kwenye daftari bila ruhusa yake. Asipigwe picha akiwa kitandani.

Msichague wa kumtumikia kwa dhehebu, kabila au mwenendo wake wa zamani. Jirani Mwislamu na yule asiyeingia kanisa lolote wana mkeka kama wengine. Wala asilazimishwe kuongoka ili apaliliwe shamba.

Msichukue kazi ya daktari. Mkiona homa kali, pumzi ya haraka, kidonda kinachonuka, au mgonjwa ameshindwa kumeza au kuamka, mpelekeni hospitali. Na mkiona mtu yeyote mdomo umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno yamepotea, hicho huenda ni kiharusi. Msingoje asubuhi.

Mwisho, si kila mgonjwa atasimama na kukunja mkeka wake kama yule wa Kapernaumu. Wengine watakufa mikononi mwetu. Huduma yetu haitakuwa imeshindwa kama mtu huyo alikufa akiwa safi, ameshiba, hana maumivu makali, na ameshikwa mkono. Na kama mjukuu wake yumo darasani.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Ni nani katika kijiji chetu amelala zaidi ya mwezi mmoja? Nani anamtunza, na nani anamtunza huyo mtunzaji?

2. Katika pembe nne, ni ipi kikundi chetu hufanya vizuri? Ni ipi inayoning'inia?

3. Je, kuna mtoto aliyeacha shule kwa ajili ya kumtunza mgonjwa? Tutafanya nini juma hili?

4. Nani ataenda kwa mhudumu wa afya amwombe aje atufundishe kugeuza na kulisha mgonjwa?

Mkishajibu, andikeni majina na siku za zamu kabla ya kufunga mkutano kwa sala. Halafu tuandikieni mtueleze kazi inavyoendelea, ili vikundi vingine vijifunze kwenu.